MOYO WA KUACHA POMBE HUPANDA NA KUSHUKA
(Somo la kujadiliana katika jumuiya na vikundi)

Tunapowatembelea watu wanaoacha pombe, tunaona jambo moja likijirudia. Juma la kwanza mtu ana moto sana. Amewatangazia wote nyumbani kwamba yeye na pombe basi. Kufika mwezi wa pili moto unapoa. Usingizi bado ni wa shida, madeni yako pale pale, na hakuna anayemsifu tena. Hapo hujiambia, "Kumbe sina nia ya kweli." Jamaa nao husema, "Tulijua tu." Wengi hurudi kunywa wakati huo.

1. Kwa nini moyo hushuka?

Pombe ya miaka mingi hubadilisha kazi ya ubongo. Mtu akiiacha, ubongo huhitaji majuma na hata miezi kutulia. Kwa muda huo chakula, maongezi, hata mpira, vyaweza kukosa ladha. Hii ni sehemu ya kupona, wala haionyeshi kwamba mtu alidanganya.

Tena yako mambo manne yanayoamsha kiu upesi: njaa, hasira, upweke na uchovu. Ongezeni hapo siku ya mshahara, na kwa wakulima wa chai, bonasi ya Oktoba. Lakini kiu ni kama wimbi. Hupanda, kisha hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, mtu asipoilisha.

2. Mfano wa Matt Talbot

Mfanyakazi huyu alizaliwa Dublin, Ayalandi, mwaka 1856, akaanza kunywa akiwa bado mtoto. Mwaka 1884 aliahidi kuacha pombe kwa miezi mitatu tu. Ilipokwisha aliongeza miezi sita, na baadaye akaahidi maisha yake yote. Inasimuliwa kwamba aliacha kutembea na pesa mfukoni, ili akipita kwenye baa asiwe na cha kununulia. Alifariki mwaka 1925, bila kuionja tena. Tuone basi: hakungoja moyo uwe na nguvu kila siku. Alijipangia mapema.

3. Tufanye nini?

Siku moyo uko juu, tujiandae kwa siku utakapokuwa chini.

(a) Ahadi iwe fupi: leo, au juma hili. Likiisha, iongezwe.

(b) Kabla ya mshahara kufika, mkubaliane nyumbani ni nani atakayeushika. Karo na deni la duka vilipwe siku hiyo hiyo.

(c) Chagua watu wawili utakaowaendea kiu ikija, na uwaambie mapema. Vikundi vya AA, vilivyoanza Marekani mwaka 1935 na ambavyo viko Kenya pia, vinafanya kazi hivyo: mlevi wa jana anamshika mkono wa leo.

(d) Kula kabla ya jioni, na ubadilishe njia ya kurudi nyumbani.

(e) Wahenga walisema, kuteleza si kuanguka. Ukinywa glasi moja usiseme, "Nimeshaharibu, wacha nimalize." Siku hiyo hiyo mwambie mmoja wa wale wawili. Jamaa wasimtukane, lakini pia wasimlipie deni la baa.

Tahadhari

Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake nyumbani. Kutetemeka, jasho jingi, kifafa, kuona vitu visivyokuwako au kuchanganyikiwa katika siku za kwanza kwaweza kuua. Apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe ukweli juu ya pombe. Kwa ushauri, NACADA ina simu ya bure, nambari 1192.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, ni siku gani za mwezi zilizo ngumu zaidi kwa anayeacha pombe?
2. Sherehe zetu, harambee na mazishi, zinamsaidia au zinamrudisha nyuma?
3. Ni nani kati yetu aliyeacha miezi miwili iliyopita, na hatujamtembelea tangu wakati huo? Nani ataenda juma hili?