Anauliza Mkojo Unasafika Lini

*Shangazi, mimi ni kijana wa Kaole, Bagamoyo, nimemaliza kidato cha nne na nataka kuomba kazi Polisi. Mwaka juzi nilikamatwa na misokoto ya bangi, nikalala mahabusu, mjomba akanitoa. Nimeacha tangu Ramadhani. Mjomba anasema nikiulizwa nikane, yeye anajuana na watu. Je, mkojo unasafika baada ya siku ngapi?*

Mwanangu, aliyeacha tangu Ramadhani hana haja ya kuhesabu siku za mkojo. Wewe hujaacha. Barua nzima umeiandika ili ufike kwenye swali hilo. Kwa mvutaji wa kila siku, bangi huweza kuonekana kwa wiki kadhaa, na hesabu zaidi ya hiyo sikupigii.

Matangazo ya ajira za Polisi husema wazi: mwombaji asiwe na kumbukumbu ya uhalifu, wala asiwe anatumia dawa za kulevya. Vijana wengi huona huo ni uonevu. Mimi naliunga mkono sharti hilo kwa moyo wote, na wewe mtoto wa pwani ulipaswa kulielewa kuliko wa bara. Heroini hupakiwa pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, ikashuka na majahazi mpaka bahari yetu hii. Sasa tuseme umepangiwa doria ya usiku ufukweni, na anayeshusha mzigo ni yule yule aliyekuwa akikuuzia misokoto kijiweni. Atakuita kwa jina. Hatatoa hongo wala panga. Atakuuliza tu kama mkuu wako wa kituo anajua. Bunduki utakuwa nayo wewe, amri atatoa yeye.

Upekuzi wa waombaji unamtafuta mtu wa namna hiyo, mwenye siri ambayo mwingine ameishika. Ya mwaka juzi wapekuzi wangeweza kuyapima wakaona ni ujana. Kumdanganya mtumishi wa umma leo ni kosa jipya la jinai, na mjomba naye atakuwa na siri yako mkononi. Habari ya kujuana na watu sitaki hata kuisikia.

Msimu huu usiombe. Hama kijiwe. Ukishindwa kuacha peke yako, nenda hospitali ya wilaya Bagamoyo ukawaeleze yote. Ukija kuomba, ukaulizwa, taja mwaka, kituo na ulichokutwa nacho. Huenda wakakukataa, na itauma. Ila leo hii kamwambie mjomba asimpigie mtu yeyote simu kwa ajili yako.