Mafahali Wawili na Zizi Lenye Mwenyewe

Maandiko: Wafilipi 2:1–11, 1 Nyakati 25:1–8, 3 Yohana 9–10
Lengo la somo: Tujue jinsi kiburi kinavyovunja huduma ya pamoja, na tujue la kufanya kabla haijavunjika.

Wiki hii tunaongea juu ya umoja katika huduma, na nitaanzia mahali ambapo wengi hawangetarajia: bendi za muziki wa dunia. Si kwamba tunaiga maisha yao. Lakini Bwana mwenyewe alimtumia wakili asiye mwaminifu kutufundisha jambo (Luka 16), kwa hivyo hata sisi tunaweza kujifunza kwa watu waliokuwa na kipawa kikubwa wakashindwa kukaa pamoja.

1. Kuvunjika huanza mambo yakiwa mazuri

Wazazi wetu wengi wanaikumbuka Wenge Musica ya Kinshasa. Ilianzishwa 1981 na vijana, na ndani yake wakakua waimbaji kama JB Mpiana na Werrason. Waliteseka pamoja, wakapanda pamoja. Mwaka wa 1997 ikatoka albamu ya Feux de l'amour kwa jina la JB Mpiana, huku wenzake wa bendi wakiwa ndani yake. Ilivuma sana. Kabla mwaka huo haujaisha, Wenge ilikuwa imepasuka vipande viwili: JB Mpiana na Wenge BCBG upande huu, Werrason na wenzake Didier Masela na Adolphe Dominguez na Wenge Maison Mère upande ule.

Sasa angalia. Hawakuachana wakati wa njaa. Waliachana wakati ukumbi umejaa. Umaskini hutuunganisha kwa sababu hakuna cha kugawana. Sifa zikija, kila mtu anaanza kuhesabu: mimi ndiye niliyetunga, mimi ndiye wanayenishangilia.

Na mgawanyiko huzaa mgawanyiko. Baadaye Dominguez naye alikuwa na Wenge yake, na Masela na yake. Ukitoka mahali na roho ya kugombania ukubwa, unaibeba kwenye begi lako. Unafungua kazi mpya, lakini roho ni ile ile. Ni hadi 30 Juni 2022 ndipo Wenge ile ya zamani ilipokutana tena jukwaani Kinshasa, katika uwanja wa Stade des Martyrs. Karibu miaka 25! Vijana walioachana wakarudi wakiwa wazee.

2. Kila upande husema hauna makosa

Hapa kwetu kulikuwa na Simba Wanyika. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walikuja Kenya wakaianzisha mwaka wa 1971. Mwaka wa 1978 wapigaji wakubwa wakatoka pamoja na mpiga gitaa Omar Shabani, wakaunda Les Wanyika. Baadaye kukawa na Wanyika wengine tena. Jina moja, bendi kadhaa.

Les Wanyika walipata umaarufu kwa wimbo uitwao Sina Makosa. Wimbo wenyewe ni wa mambo ya mapenzi, lakini hilo jina huwa linanijia nikiketi kusuluhisha watu. Kila upande unaingia na wimbo huo huo. Mwenye maiki: sina makosa. Mpiga kibodi: sina makosa. Mweka hazina: sina makosa. Ikiwa wote hawana makosa, mbona hatuongei? Yakobo 4:1 inatujibu kwamba vita hutoka kwa tamaa zilizo ndani yetu. Usimtafute adui mbali.

3. Kiburi kina sura mbili

Wengi tunafikiri kiburi ni cha yule aliye mbele. Kweli kipo. Diotrefe wa 3 Yohana alipenda kuwa wa kwanza, hata akakataa kuwapokea ndugu na kuwafukuza waliotaka kuwapokea. Wale Beatles wa Uingereza walikuwa na shida inayofanana kidogo. Nyimbo nyingi zilikuwa za wawili, John Lennon na Paul McCartney. George Harrison naye alikuwa akitunga, lakini nafasi ilikuwa finyu. Bendi ilipovunjika 1970, mwaka huo huo alitoa albamu ya sahani tatu. Sahani tatu! Hebu fikiria ni nyimbo ngapi zilikuwa zimekaa zikingoja. Kiongozi wa sifa, ni nani kwenye timu yako anangoja hivyo?

Lakini kuna sura ya pili, ya yule anayenuna kwenye viti vya nyuma. Anasema, "Mimi sitaki cheo," lakini asipotajwa jina Jumapili, Jumapili inayofuata haji mazoezini. Hicho nacho ni kiburi, kimevaa nguo za unyenyekevu tu. Wafilipi 2:3 inawaambia wote wawili jambo moja: mhesabu mwenzako kuwa bora kuliko wewe.

4. Daudi aliandika utaratibu

Daudi alijua wanamuziki, kwa sababu alikuwa mmoja wao. Soma 1 Nyakati 25. Waimbaji waliofunzwa walikuwa 288, chini ya Asafu, Yeduthuni na Hemani. Akawapangaje? Walipiga kura za zamu, mdogo sawasawa na mkubwa, mwalimu pamoja na mwanafunzi. Makundi 24, kila moja watu 12. Hakuna aliyeweza kusema, "Zamu nzuri ni yangu kwa sababu nilianza kitambo." Hakungoja ugomvi ndipo atunge sheria.

Mimi nilisomea biashara, na tulifundishwa kwamba mkataba wa ubia huandikwa mkiwa bado mnapendana. Mkishakosana, hata kalamu mtagombania. Kwa hivyo wacha niwe wazi juu ya mambo yanayovunja kwaya huku Kitui na Makueni:

Kibodi na spika ni za nani: za kanisa, za kwaya, au za ndugu aliyelipa deposti?
Akaunti ya YouTube ya kwaya imefunguliwa kwa simu ya nani, na nywila wanaijua wangapi?
Kwaya ikialikwa harusini Wote au mkutanoni Mwingi, pesa za M-Pesa zinaingia kwa nani, na hesabu inasomwa lini?
Mtu akitunga wimbo kisha ahame, wimbo unabaki au unaenda naye?

Kuandika haya si kukosa imani. Ni kumnyima shetani mlango.

5. Kuachana kwingine si kuvunjana

Paulo na Barnaba walikosana vikali juu ya Yohana Marko, wakaenda njia mbili (Matendo 15). Biblia haikuficha. Lakini wote wawili waliendelea na kazi, na miaka baadaye Paulo mwenyewe aliomba Marko aletwe kwake kwa sababu anafaa (2 Timotheo 4:11). Kwa hivyo ukilazimika kutoka kwenye huduma, toka ukiwa umeaga. Rudisha funguo. Usiondoke na washirika wawili wawili usiku. Acha daraja limesimama, maana huenda utalihitaji.

Tumalizie

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Ni kweli, kama zizi halina mwenyewe. Lakini mwenyewe akiwa pale na fimbo yake, hata mafahali hutulia. Kanisa si la kiongozi wa sifa, wala si la mchungaji. Lina Mwenyewe, na Mwenyewe huyo, akiwa na haki ya enzi, alijishusha hadi msalabani (Wafilipi 2:6–8). Yeye akishuka, wewe unapanda kwenda wapi?

Sisi tunajua mwethya. Mkienda kujenga bwawa la mchanga mtoni, mmoja huchota maji, mwingine hubeba mawe, mwingine huchanganya simiti. Mvua ikinyesha na maji yakibaki, hakuna anayeuliza haya ni maji ya jiwe la nani. Kijiji chote kinakunywa. Hivyo ndivyo huduma inapaswa kuwa.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Je, ni sifa au ni shida iliyoleta ugomvi wa mwisho katika huduma yako?
2. Kati ya zile sura mbili za kiburi, yako ni ipi?
3. Ni jambo gani kwenye idara yenu halijaandikwa, na nani ataliandika kabla mwezi haujaisha?
4. Kuna ndugu ambaye hamjasalimiana? Mpigie simu kabla ya Jumapili.

Ombi: Baba, zizi ni lako na kazi ni yako. Tufundishe kushangilia kipawa cha mwenzetu bila kuumia. Waliotengana, warudishe, wasingoje miaka 25. Katika jina la Yesu. Amina.