SOMO LA AFYA: MENO YA KAHAWIA



Hapa Nangurukuru, penye njia panda ya kwenda Lindi na Kilwa Masoko, twapokea wageni wengi: madereva, walimu, vijana watafutao kazi. Wapo waliokulia Arusha na Kilimanjaro, wenye meno ya kahawia, nasi twasikia watu wakinong'ona kwamba hawajui mswaki. Hiyo si haki. Meno yale hayakuchafuka, yaliota hivyo.

Sababu yake ni madini yaitwayo floraidi. Kidogo huimarisha meno, ndiyo maana hutiwa katika dawa ya meno. Yakizidi, huliharibu jino lingali likijengwa ndani ya ufizi, yaani tangu uchanga hadi kama miaka 8. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji. Kando ya Mlima Meru, penye miamba ya volkano, maji ya sehemu kama Maji ya Chai yamepimwa yakazidi 10. Mwaka 1974 nchi yetu ilikubali kwa muda hadi 8 kwa maji ya vijijini, kwani watu wangekunywa nini? Siku hizi kiwango ni 1.5. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi hubaki. Kituo cha Ngurdoto huko Arusha kimeonyesha namna ya kuichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Lakini tusidhani ni maji peke yake. Watafiti waliwakuta huko kaskazini watoto wenye madoa ingawa maji yao yalikuwa mazuri. Chanzo kilikuwa chunguni: magadi ya kulainishia maharage na makande. Na magadi husafiri hadi masoko ya mbali. Basi, akina mama (na akina baba wapikao, kama wapo), maharage yalowekwe usiku kucha. Yataiva bila magadi. Majani ya chai nayo yana floraidi, hivyo mtoto mdogo asinyweshwe chai kali kila siku. Dawa ya meno apewe kidogo, afundishwe kuitema.

Na kijana ambaye meno yake yamekwisha kuwa hivyo? Kusugua kwa mchanga humla jino bure. Daktari wa meno aweza kuyapunguza madoa. Wazazi wanaosita kupokea posa yake wajue kwamba hali hiyo haiambukizi, na wajukuu wakikulia penye maji mema hawatairithi.