Namna Nilivyoihamisha Bahari Ndogo Kutoka Tanga Hadi Samunge

Msomaji aliyepata kulisikia jina la Samunge aghalabu hulikumbuka kwa ajili ya mwaka 2011, wakati misururu ya magari ilipojaa barabarani na watu maelfu kwa maelfu wakaja kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Mimi nililetwa hapa na barua ya uhamisho, nikiwa mwalimu mzaliwa wa Tanga, na pamoja na vitabu na godoro nilikuja na tangi la kioo lililokuwa na mawe ya mwamba, vipande viwili vya matumbawe laini, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na konokono wa bahari kumi na mmoja. Wengi wameniuliza jinsi kitu kama hicho kilivyojengwa nyumbani, na jinsi kilivyovuka nchi kavu mpaka wilaya ya Ngorongoro pasipo kufa. Nami nimeona ni insafu kuyaandika niliyojifunza, matamu na machungu, ili atakayeitamani kazi hii asianze gizani.

Kioo na meza

Tangi langu lina urefu wa sentimita 100, upana wa 45 na kimo cha 45, nalo hubeba kiasi cha lita 200 likiwa tupu la mawe, na lita 160 hivi mawe yakiisha kupangwa. Fundi kioo alinikatia vioo vya milimita 10, tukaviunga kwa silikoni safi isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa maana dawa hiyo huua viumbe wa baharini polepole bila mwenye tangi kujua sababu. Baada ya kuunga tuliliacha likauke, kisha tukalijaza maji ya bomba nje ya nyumba kwa siku saba, chini yake tumetandaza magazeti makavu ambayo yangelitoa ushahidi wa hata tone moja.

Meza ni jambo ambalo wengi hulidharau. Maji, kioo, mawe na mchanga kwa pamoja hufikia karibu kilo 250, na uzito huo ukikaa juu ya meza iliyoinama hata kidogo, kioo hubeba dhiki upande mmoja mpaka siku kitakapopasuka usiku watu wamelala. Seremala wangu alitengeneza meza ya mninga, akaipima kwa pima maji pande zote nne, nami kila nilipoihamisha niliipima upya kabla ya kutia tone la maji.

Maji na mawe

Maji ya kwanza niliyachota Tanga, kwa ngalawa, mbali na midomo ya mito, wakati bahari imejaa na kabla mvua za masika hazijaleta tope. Maji ya bahari yenye afya yana chumvi gramu 35 hivi kwa kila kilo moja. Hidromita husoma 1.025 au 1.026, na joto la kuwafaa viumbe wa mwambani ni nyuzi 25 hadi 27. Asiyekaa pwani atanunua chumvi maalumu ya matangi, na kuikoroga gramu 35 hadi 38 kwa lita ya maji matamu. Chumvi ya jikoni haifai kabisa, kwa kuwa haina kalisi wala magnesi ambazo tumbawe huzihitaji.

Hata hivyo uhai wa tangi umejificha katika mawe, na hili ndilo neno ninalotaka msomaji abaki nalo hata akisahau mengine yote. Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria wanaoishi katika vitundu vya mawe huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo viumbe wengi huivumilia ikiwa kidogo. Umati huo usioonekana kwa macho ndio wenye nyumba, na samaki ni wageni wao.

Mawe yangu ni matumbawe ya kale, yaliyogeuka jiwe zamani za zamani, ambayo watu wa pwani huyajengea kuta. Niliyapata katika ukuta uliobomolewa, nikayakwangua chokaa yote, nikayaloweka majuma matatu nikibadili maji, nikayaanika juani, ndipo nikayaweka ndani ya tangi pamoja na konzi mbili za mchanga wa bahari ulio hai. Kutoka hapo nilingoja majuma sita, nikitia kipande kidogo cha dagaa ili bakteria wapate chakula, na kupima kila siku ya tatu mpaka amonia na nitriti zikasoma sifuri. Mtu asiye na subira ya majuma sita asiianze kazi hii, maana tangi lisilokomaa huua.

Tumbawe hai sikuling'oa baharini hata moja. Sheria yetu yakataza, na dhamiri yapasa kukataza kabla ya sheria, hasa kwetu sisi watu wa Tanga tulioona miamba iliyovunjwa kwa baruti, na tuliosimuliwa habari za mwaka 1998, ambapo Bahari ya Hindi ilipata joto lisilo la kawaida na matumbawe yakapauka kwa kupoteza vijimwani viishivyo ndani ya miili yao na kuwalisha. Vipande vyangu viwili vilikatwa katika tangi la mfugaji mwenzangu, na samaki wangu wawili walizaliwa tangini. Aidha namwonya msomaji juu ya kitatange, samaki ambaye kwa uzuri wake kila mtu humtamani: wazee wa pwani humwita mtu mfitini kwa jina lake, na ndani ya tangi la matumbawe jamaa zake wengi hulitimiza jina hilo kwa kuyadonoa na kuyala.

Safari

Barua ya uhamisho ilipofika nilidhani nitayaacha yote. Ndipo nilipofahamu kwamba, maadamu wenye nyumba wamo katika mawe, mtu akiyafikisha mawe yangali na unyevu na hewa, amelifikisha tangi.

Siku mbili kabla ya safari niliacha kuwalisha samaki, ili wasichafue maji njiani. Alfajiri ya siku ya kuondoka nilivuta kwanza maji safi ya juu kwa mpira, nikajaza madumu sita ya lita ishirini. Kisha nikayatoa matumbawe laini, kila moja ndani ya chombo chake. Halafu mawe, kwa kuwa haiwezekani kumkamata samaki ilhali ana pango la kukimbilia. Na samaki wakawa wa mwisho, maji yakiwa kimo cha kiganja. Mchanga wa chini ulipoguswa ulitoa harufu ya yai viza, ambayo ni dalili ya gesi yenye sumu iliyojikusanya mahali pasipofika hewa. Mchanga huo niliutupa, nikabakiza konzi chache za juu.

Mawe niliyafunga kwa magazeti yaliyoloweshwa maji ya tangi, nikayapanga ndani ya deli mbili, zile ambazo watu huuzia barafu za watoto, kwa sababu deli huzuia joto na baridi pia. Samaki na matumbawe niliwaweka katika ndoo zenye vifuniko vilivyotobolewa, kila ndoo na pampu ndogo ya hewa ya betri. Wengi hutumia mifuko ya plastiki iliyofungwa, nayo hufaa safari fupi. Lakini katika safari ya siku mbili pumzi ya samaki huyafanya maji ya mfuko kuwa makali kwa asidi na amonia hulala bila kudhuru sana, kisha mfuko ukifunguliwa ukali hupungua na amonia huamka ghafula. Ndoo iliyo wazi kwa hewa haina hila hiyo.

Tulitoka Tanga kupitia Segera, Same na Moshi, tukalala Arusha, ambako usiku nilibadili betri za pampu na kuyanyunyizia mawe maji. Siku ya pili tulipita Makuyuni na Mto wa Mbu, tukaiacha lami, tukafuata njia ya Engaruka na Ngaresero, mlima Ol Doinyo Lengai ukiwa pembeni yetu na vumbi likiwa jeupe kama unga, ndipo lori likapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Sale. Mtikisiko wa njia ulikuwa umenitia hofu tangu mwanzo kuliko joto, kwa hiyo tangi lenyewe nililisafirisha tupu kabisa, limelala juu ya godoro langu. Asithubutu mtu kusafirisha tangi lenye maji hata ya kimo cha kidole, kwani maji yakipiga kioo huko na huko hufungua maungio.

Kulipanga tangi upya

Tulifika jioni. Kwa mwanga wa taa ya sola niliipima meza, nikaweka mchanga, mawe, kisha maji ya madumu, nikaongeza yaliyokorogwa kwa chumvi ya matangi mpaka kimo kikafika, nikangoja joto lipatane. Samaki niliwaacha ndani ya ndoo saa nzima, maji ya tangi yakiwadondokea kwa mrija mwembamba, tone kwa tone, kabla ya kuwaachia. Majuma mawili ya mwanzo niliwalisha kwa uchache mno na kupima amonia kila asubuhi; haikupanda. Mawe yalikuwa yamefika na watu wake.

Samunge ipo zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, na katika hewa nyepesi maji hushika oksijeni kidogo kuliko pwani. Kwa hiyo niligeuza mdomo wa pampu uvuruge uso wa maji usiku na mchana. Usiku wa kipupwe ni baridi, na hita hunyonya betri ya sola, basi magharibi hulifunika tangi kwa shuka nzito za Kimasai mbili, na hita huwaka saa chache tu kabla ya mapambazuko.

Kosa langu lilikuja katika juma la tatu. Maji ya tangi hupungua kila siku kwa kukaushwa na hewa, lakini chumvi haiondoki pamoja nayo. Hivyo anayejaza pengo hujaza kwa maji matamu. Maji ya huku yamepita katika udongo wa volkano, sikuyaamini, nikaona bora maji ya mvua, nayo nikayakinga kwenye paa la bati. Siku ya pili niliwakuta konokono wamebanduka kiooni, mmoja mmoja, wamelala chali juu ya mchanga na vifuniko vyao vimelegea, na matumbawe laini yamejikunja kama ngumi ya mtoto. Samaki walikuwa wazima, na amonia ilikuwa sifuri. Hapo ndipo nilipojua kuwa adui ni madini, kwa kuwa zinki iliyopakwa juu ya bati humvumilia samaki lakini haimwachi konokono. Nilibadili maji kwa siku tatu mfululizo na kutia mkaa maalumu wa kuchujia. Konokono saba walikufa, wanne wakasalia. Tangu siku hiyo hukinga mvua kwa karatasi safi ya nailoni iliyofungwa kwenye miti minne, na huiacha robo saa ya kwanza imwagike.

Magadi ya Natron

Jirani yangu, mzee wa Kibatemi ambaye maisha yake yote ameangalia zamu za maji katika mifereji ya mashamba, alikaa mbele ya tangi siku moja muda mrefu, akauliza: "Mwalimu, unanunua chumvi mbali, na Ziwa Natron limejaa magadi hapo chini. Kwa nini?"

Nilimjibu: "Mzee wangu, yale ni magadi, hii ni chumvi ya bahari. Maji ya Natron ni makali mno. Heroe na wale sato wadogo wa kule wameyazoea, hawa wangu wangekufa siku hiyo hiyo." Nikamweleza kwamba mito na chemchemi huingia Natron na hakuna mlango wa kutokea, jua huchukua maji na kuacha magadi mwaka baada ya mwaka. Nikamwonyesha kipande cha plasta nilichobandika kiooni, kinachonionyesha kila asubuhi maji yameshuka kiasi gani. "Nikisahau kujaza maji matamu," nikasema, "tangi hili nalo litafuata njia hiyo."

Alicheka kidogo, akasema: "Basi wewe ndiwe mfereji wake." Sikupata kuielewa kazi yangu vizuri zaidi kuliko alivyoieleza mzee huyo kwa maneno matano. Kila asubuhi hujaza hadi kwenye plasta. Kila baada ya majuma mawili hubadili sehemu moja ya kumi ya maji. Na kila mwezi hupima kalisi, ambayo nataka isishuke chini ya miligramu 400 kwa lita.

Mvua iliyofuata ilinyesha usiku. Asubuhi mjukuu wa mzee alisimama mlangoni na dumu kichwani, akaniamkia, akalitua kwa uangalifu, na kunifikishia ujumbe alioagizwa: "Babu amesema haya ni ya kujazia bahari, na kwamba hayakugusa bati."