JE, ULIMWENGU ULITOKA PASIPO KITU?

Somo la mwezi huu. Someni kwanza: Mwanzo 1:1-3, Warumi 4:17, Waebrania 11:3

Tunawasalimu kutoka hapa Kampala, ninyi mlio mjini pamoja nasi na ninyi ndugu zetu wa Nakivale, Kyangwali na Rwamwanja mnaosomeana karatasi hizi.

Somo hili limetokana na swali la kijana. Baada ya mafundisho ya vijana, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tano alisimama akauliza: "Pasta, mnatufundisha kwamba Mungu aliumba vyote pasipo kitu. Lakini nimesoma kwamba kuna wanasayansi wanaosema ulimwengu ulijitokeza wenyewe pasipo kitu. Sasa Mungu anahitajika kwa kazi gani?" Sisi wazee tulimkemea. Tulimwambia asilete mambo ya shule kanisani. Akaketi, na kwa majuma matatu hatukumwona tena. Tulikosea.

Tuanze na neno lenyewe, "pasipo kitu". Wengi wetu tulipovuka mpaka pale Bunagana tulisema tumefika bila kitu, na ilikuwa kweli. Lakini tazameni vizuri. Mama aliyefika bila kitu alikuwa na mikono, alijua kushona, alisema lugha tatu, na katika pindo la kitenge alikuwa na karatasi yenye namba ya simu ya binamu yake wa Katwe. Hatusemi hivi kudharau mateso yake. Tunasema tu kwamba katika "bila kitu" ya wanadamu, mara nyingi kuna kitu ndani.

Sasa twende kwa wanasayansi. Padri Mbelgiji Georges Lemaître, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Louvain, aliandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza ukiwa umekusanyika kama chembe moja. (Wabelgiji walituletea mambo mengi Kongo, mengine tungependa wayachukue tena, lakini padri huyu tunamshukuru.) Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, huko Marekani, walinasa kwa antena mvumo hafifu unaotoka pande zote za mbingu, mabaki ya joto la mwanzo huo. Leo umri wa ulimwengu unahesabiwa kuwa miaka bilioni 13.8 hivi. Hapo wengine mtashtuka, lakini mwanzo ni mwanzo. Na Lemaître mwenyewe hakupenda hesabu zake zitumiwe kama uthibitisho wa Mungu; Papa Pius wa 12 alipokaribia kufanya hivyo mwaka 1951, padri huyo hakufurahi.

Swali la kijana wetu linatoka kwingine. Mwaka 2010 Stephen Hawking na Leonard Mlodinow waliandika kwamba kwa kuwa kuna sheria ya uvutano, ulimwengu unaweza kujitokeza wenyewe pasipo kitu. Mwaka 2012 Lawrence Krauss alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Wanaeleza kwamba hata mahali palipo patupu kabisa pana nguvu ndani yake, na kwamba chembe ndogo mno hujitokeza na kutoweka. Hatuwapingi katika hilo. Ni kazi yao nao wanaijua. Lakini sheria ya uvutano si kitu? Nafasi tupu yenye nguvu si kitu? Hiyo ndiyo "bila kitu" ya yule mama mwenye karatasi katika pindo la kitenge. Mwaka huo huo wa 2012 David Albert, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Columbia aliyesomea pia fizikia, alimwambia Krauss karibu neno hilo hilo.

Lakini tusishangilie haraka. Hili halithibitishi kwamba Mungu yupo. Mtu anaweza kusema, "Sheria hizo zipo tu, basi," nasi hatuna hesabu ya kumfunga mdomo. Mwandishi wa Waebrania analiweka jambo hili upande wa imani, nasi tuliache hapo.

Wengine husema fundisho hili lililetwa na wamisionari. Mchungaji John Mbiti, Mkenya aliyefundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba Wanyarwanda, Wanuer na Washona wana wazo hilo katika mapokeo yao. Kwa Wanyarwanda, kabla Imana hajaumba hapakuwa na kitu. Na bado wanawake wao waliacha maji ndani usiku ili Imana ayatumie kufinyanga mtoto. Baadhi yenu mnayakumbuka maji hayo kwa bibi zenu.

Sasa tufike panapotugusa. Mojawapo ya mahali pa kale ambapo neno hili lilisemwa waziwazi ni 2 Makabayo 7. Kitabu hicho hakimo katika Biblia zetu nyingi, lakini jirani yako Mkatoliki anacho, mwazimeni. Mfalme amewaua wana sita wa mama mmoja kwa siku moja, na wa saba amebaki. Mama anamwinamia na kusema naye kwa lugha yao ya nyumbani. Anamwonyesha mbingu na nchi, kwamba Mungu hakuzitengeneza kwa vitu vilivyokuwapo. Kwa nini aseme hayo saa hiyo? Kwa sababu anataka kuwapata tena watoto wake wote, na hana chochote cha kushika mkononi. Paulo naye, katika Warumi 4:17, anaweka pamoja kufufua wafu na kuviita vitu ambavyo havijakuwapo. Miongoni mwetu kuna wazazi ambao hawana hata kaburi la kuonyesha. Mungu anayehitaji malighafi angewafaa nini?

Yule kijana tulimfuata nyumbani, tukamwomba msamaha mbele ya mama yake. Amekubali kuongoza mjadala wa somo hili Alhamisi saa kumi na moja jioni, baada ya maombi. Ameomba jambo moja tu: wazee wasimkatize.