Karani wa Kituo Aone Kituo Chake: Ripoti Moja, Macho Tofauti

Kwenye kituo cha kununulia majani mabichi ya chai, kilo husomwa kwa sauti. Foleni nzima inasikia mama fulani kaleta kilo 18, na hakuna anayeona ajabu. Lakini makato ya mbolea, deni analodaiwa na chama na kinachobaki mfukoni mwisho wa mwezi ni mambo ya ndani ya nyumba. Natengeneza ripoti za wakulima huku Rungwe, na mpaka wangu uko hapo hapo: kilo ni za mizani, fedha ni za mwenyewe.

Uongozi ukisema "kila mtu aone cha kwake tu", mara nyingi unachoomba ni ripoti moja kwa kila kituo. Kataa kwa heshima. Siku kanuni ya makato ikibadilika utafungua mafaili hayo yote, moja moja, na utaruka moja. Wapo pia wanaoficha kurasa au kubandika kichujio pembeni mwa ripoti. Hilo ni pazia tu. Karatasi iliyofichwa kwenye Excel hufichuliwa na yeyote anayejua kubofya.

Ripoti iwe moja, na data yenyewe ndiyo ijue nani ameingia. Mimi natumia Power BI, kwa hiyo nitaeleza kwa njia yake, ingawa PostgreSQL nayo ina uwezo huo tangu toleo la 9.5.

Anza na jedwali dogo, liite Ruhusa, lenye safu mbili: barua pepe ya mtumiaji na namba ya kituo. Majina ya watu usiyaguse. Ukiita "Mwakalinga" sokoni Tukuyu huenda wakageuka watu watatu, na wote wana haki ya kugeuka. Majina ya vituo nayo hayaaminiki: karani mmoja anaandika Kiwira, mwenzake Kiwila, na kompyuta inahesabu vituo viwili. Namba haina lafudhi.

Karani wa kituo kimoja anapata mstari mmoja. Msimamizi wa vituo vitano anapata mitano. Wilaya yetu ina halmashauri mbili, Rungwe na Busokelo, kwa hiyo anayesimamia upande wa Mwakaleli hana sababu ya kuona wakulima wa Katumba. Mwandikie vituo vyote vya Busokelo, kimoja kimoja. Kuna wanaopenda kuandika fomula ya kupanda ngazi, kituo, kijiji, kata mpaka halmashauri. Mimi nachagua mistari mingi iliyo wazi, kwa sababu orodha hiyo naweza kuichapisha, mwenyekiti akaisoma na kuitia saini. Fomula hawezi kuisaini.

Sasa unganisha Ruhusa na jedwali la Vituo, na Vituo na jedwali la Mapokezi lenye kilo na makato. Fungua "Manage roles", tengeneza kundi moja la watumiaji, kisha kwenye Ruhusa andika:

[BaruaPepe] = USERPRINCIPALNAME()

Wengi hukwama hapa. Fomula imekubali, lakini karani bado anaona wilaya nzima. Sababu ni kwamba kituo kimoja kinaweza kuwa na mistari mingi ndani ya Ruhusa, na kwa kawaida kichujio hakipandi kutoka upande wenye mingi kwenda upande wenye mmoja. Fungua uhusiano wa Ruhusa na Vituo, weka mwelekeo uwe pande zote mbili, kisha tia tiki penye "Apply security filter in both directions". Kisha jaribu kwa "View as", ukiandika barua pepe ya karani mmoja, ya msimamizi, na moja ambayo haimo kabisa kwenye Ruhusa. Hiyo ya tatu inatakiwa kuona patupu. Ikiona chochote, usichapishe.

Ukishachapisha, waingize watu kwenye lile kundi, na kwenye eneo la kazi wape nafasi ya watazamaji tu. Mwenye ruhusa ya kuhariri habanwi na fomula hii hata kidogo. Karani aliyepewa uhariri "ili asisumbuke" anaona kila kitu.

Baada ya hapo tarajia simu. "Kaka, kwani vituo vingine vimefungwa? Naona peke yangu ndiye asilimia 100." Ana haki ya kushangaa. Hesabu ya mgao inagawanya kilo zake kwa jumla anayoruhusiwa kuona, na jumla hiyo ni yake mwenyewe. Dawa ni jedwali la pembeni lenye jumla ya kilo za wilaya kwa kila siku, bila kituo wala namba ya mkulima, lisilounganishwa na Vituo. Fedha usiziweke humo.

Ukiulizwa kwa nini usumbufu wote huu, taja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Jina la mkulima na deni lake ni taarifa binafsi, hata kama mtaani deni hilo linajulikana.

Kuhusu akaunti, kila mtu awe na yake. Makarani wawili wakitumia nywila moja, kazi yote hapo juu ni bure. Karani akihamishwa, badilisha mstari wake kwenye Ruhusa siku hiyo hiyo, kisha sasisha data; mstari wa kituo cha zamani ukibaki, ataendelea kukichungulia akiwa kwingine.

Kupiga picha ya skrini na kuirusha WhatsApp hakuzuiliwi na fomula yoyote. Ninachofanya ni kuweka kwenye kona ya kila ukurasa kikadi kinachoonyesha USERPRINCIPALNAME() ya aliyeingia, kwa maandishi makubwa kiasi, juu kabisa karibu na jumla ya malipo, mahali ambapo ni vigumu kupakata bila kukata na namba zenyewe.