Mvuke na Nafaka ya Ng'ombe

Mfugaji akichungua mavi ya ng'ombe aliyelishwa mtama mzima, ataona punje nyingi zimetoka vile vile kama zilivyoingia. Kondoo na mbuzi hutafuna vizuri zaidi. Ng'ombe humeza upesi, na punje ndogo ngumu humponyoka.

Kizuizi si ganda peke yake. Ndani ya punje wanga umeshikwa na protini kama mawe yaliyojengewa saruji, na katika mtama saruji hiyo ni ngumu kuliko katika shayiri. Kwa sababu hiyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, nchi ambayo ng'ombe wengi wa nyama hunoneshwa kwa nafaka, walichunguza katika miaka ya 1960 njia ya kutumia mvuke. Nafaka hutiwa katika pipa refu la chuma, na mvuke hupitishwa humo muda wa nusu saa au zaidi, hata punje zikalainika. Zingali moto, hupitishwa kati ya magogo mawili mazito ya chuma yazungukayo, nazo hutoka bapa, nyembamba kama magamba ya samaki.

Wengi hudhani kazi yote ni ya mvuke. Sivyo. Mvuke hulainisha tu. Magogo ndiyo yauvunjao ule ukuta, na punje iliyopikwa kisha ikabanwa kidogo tu haileti faida kubwa.

Lakini wanga uliofunguliwa hivyo huchachuka upesi katika tumbo la kwanza la ng'ombe. Aliyezoea majani akipewa ghafula ndoo nzima, tumbo hujaa asidi. Huacha kula na kucheua, huharisha, na aweza kufa kwa siku moja au mbili. Basi huanzishwa kwa kiasi kidogo, kikaongezwa polepole kwa muda wa majuma mawili au matatu, wala majani makavu hayakomi kutolewa.

Tena mvuke hauondoi sumu ya kuvu. Mahindi yaliyooza ukungu, ambayo sumu yake iliua watu zaidi ya 100 nchini Kenya mwaka 2004, hubaki na sumu hiyo hata yakipikwa, nayo huingia katika maziwa.

Mtambo wa namna hii hula kuni au mafuta mengi, na haumfai mwenye ng'ombe wawili. Huyo yamtosha kuuparaza mtama wake katika kinu, usiwe unga laini.